Wakili na Malaika wa Mabegani

Tarehe 9 Septemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko, na goti linasemaje siku hizi? Sisi wote hatujambo. Mkwe wako anakusalimia sana, yale mafua yamemwachia. Mimi niko na kazi mpaka puani, lifti mbili za jengo moja zimegoma kwa mpigo na wapangaji wanapanda ngazi huku wakinitazama kama mimi ndiye niliyezivumbua.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu tukifika kwenye jambo hili kila mtu anapandisha sauti na hakuna anayemaliza sentensi yake. Ni habari za mjukuu wako.

Wakili amerudi kutoka kwako mzima, amenenepa, na tangu arudi havai begi la shule mgongoni. Analibeba kifuani kwa mikono miwili kama mama aliyetoka kujifungua. Tukamuuliza kulikoni. Akasema mikanda itawakandamiza malaika. Bibi amesema wako wawili, mmoja bega la kulia na mmoja la kushoto, na bibi hasemi uongo. Milangoni anapita upande upande. Jumamosi nilikwenda naye kazini, tukaingia kwenye lifti imejaa, akamgeukia baba mmoja mnene akamwambia kwa adabu zote, "Samahani, unamwegemea wa kushoto." Yule baba akasogea na akaomba radhi. Mama, aliliomba radhi bega la mtoto.

Mpaka hapo nilikuwa nacheka. Kisha mwalimu akatuita. Nusu ya darasa wanabeba mabegi kifuani, hilo alisema atalivumilia. Lakini mtoto anayekaa naye dawati moja amelia mpaka akarudishwa nyumbani, kwa sababu Wakili alimwambia yeye hana malaika hata mmoja, kwao hawasali.

Sikukatazi kuamini, wala sina ubavu huo. Ninachokuomba ni kidogo. Umwambie "bibi anaamini hivi", usimwambie "ndivyo ilivyo". Ana miaka saba, hajui tofauti ya unachokijua na unachokiamini. Mimi lifti siiruhusu kubeba watu mpaka nimeuona waya wake kwa macho yangu, na mtoto wangu nataka ajifunze hivyo hivyo. Mkwe wako nami tumeona kwamba mpaka tuelewane juu ya hili, likizo ndefu abaki huku.

Nisamehe kama nimekukwaza.

Mwanao


Tarehe 20 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, goti linalalamika kwa sababu halina kazi nyingine. Msalimie mkwe wangu, mwambie namwombea, na ukipenda mwambie "mama anaamini anakuombea".

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye cherehani. Nilicheka kwa yule baba wa kwenye lifti mpaka nikajichoma sindano. Halafu nikafika kwenye likizo, nikaacha kucheka. Nyumba hii inamngoja mtoto huyo. Nguo yake nimeshaikata, ya rangi ya machungwa kama alivyoagiza, na mabega nimeyaacha mapana, wenyewe wanajua kwa nini. Sasa unaniambia haji. Imeniuma, na sitajifanya haikuniuma.

Tuanze na begi. Mimi sikusema neno lolote juu ya mabegi. Nilisema malaika wapo mabegani, basi. Kwamba mkanda una uzito na malaika anaweza kubanwa, hilo amelifikiria mwenyewe, na akili ya namna hiyo ameirithi kwako, wewe uliyefungua redio ya marehemu baba yako kumtafuta mtangazaji.

Kuhusu yule mwenzake wa dawati, hapo nimeona haya kweli. Hilo halikutoka kinywani mwangu. Mwambie Wakili, huyo mke mwenzangu mdogo, kwamba bibi amesema kila mtoto anao wake, awe anasali au hasali, hata yule anayeficha penseli za wenzake. Amwombe radhi mwenziwe, na mapema.

Lakini hilo ombi lako la kusema "bibi anaamini" limenikaa kooni. Wewe nilikulea hivyo? Nilikwambia Mungu yupo kama nilivyokwambia chai ni moto, na nakuona umekua, una kazi, una mke, na unabishana na mama yako kwa mwandiko mzuri. Mtoto lazima kwanza asimame mahali. Ukimpa "huenda" upande huu na "huenda" upande ule, atakanyaga wapi? Siwezi kumsomea mjukuu wangu habari za Mungu kama karatasi ya ndani ya boksi la dawa.

Fikiri tena.

Mama yako


Tarehe 2 Novemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya na hasira zimepungua. Sisi wazima. Nimekawia kuandika kwa sababu nilitaka kwanza nishinde, nikuandikie nikiwa na ushindi mkononi. Sikushinda.

Nilisema nitamfundisha mwenyewe. Nikamkalisha mezani nikamweleza vizuri, kwamba yapo mambo ambayo wengine wanayaamini na wengine hawayaamini, na yeye akikua atachagua. Alinisikiliza kwa makini, na kesho yake akaanza kazi. Mama yake akimwuliza kama ameoga, anajibu, "Mimi naamini nimeoga." Akiambiwa alale, anasema wengine hawaamini kwamba ni usiku. Mwalimu ametuita tena. Alimwuliza saba ukijumlisha na tano ni ngapi, Wakili akasema, "Mwalimu anaamini ni kumi na mbili." Darasa zima likashangilia. Mwalimu anauliza kama wewe unaweza kumrudisha kwenye malaika, walau kule hesabu zilikuwa zinakwenda.

Kuhusu mwenziwe wa dawati, ujumbe wako ulichelewa. Wakili alikuwa ameshatengeneza mambo kivyake, alimwazima malaika wa kushoto. Nilipomweleza kwamba bibi amesema kila mtoto anao wake wawili, akaenda kumdai, na mwenziwe amekataa kumrudisha. Sasa yule ana watatu, na watoto hao wawili ni marafiki wa kufa na kuzikana. Begi, kwa kuwa upande mmoja uko wazi, analivaa bega la kushoto.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Jana tulikuwa tunashuka kwenye lifti niliyoitengeneza. Akaniuliza, "Baba, unaamini itasimama chini?" Nikamwambia hilo siamini, hilo najua. Unajuaje? Nimeukagua waya. Akasema, "Na bibi amekagua?" Mama, mlango ulifunguka, watu wakatoka, mimi bado nimesimama ndani na mkoba wa vifaa. Nikamwambia akamwulize bibi.

Basi anakuja kukuuliza. Likizo ikianza tu nitampakia kwenye basi pamoja na jirani yetu anayekuja huko. Mkwe wako amekubali, alikuwa amekubali tangu barua yako ile ila alikuwa ananiangalia nitafika wapi. Sikuwekei sharti, nakuomba tu. Akikuuliza, usimfunge mdomo. Ulivyonijibu mimi utotoni nakumbuka, uliniambia maswali mengine hayaulizwi. Mjibu.

Mwanao


Tarehe 14 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Tumeshinda salama na tumelala salama, tunakula vizuri, na mke mwenzangu ameniambia anaamini nyanya zimeisha, nikaenda kuangalia nikakuta kweli zimeisha. Nguo ya machungwa haivui. Juzi nimeifua akiwa amekaa pembeni amejifunga taulo, anaingoja ikauke.

Sasa nikueleze.

Siku mbili za kwanza hakuuliza kitu, nikadhani amesahau. Siku ya tatu nashona pindo la pazia, yeye yuko chini ya meza anaokota vifungo. Nasikia sauti kutoka miguuni kwangu: "Bibi, wewe unaamini kwa nini?"

Mguu ukasimama kwenye kanyagio. Mwanangu, maisha yangu yote watu wameniuliza kama nimesali, kama nimewahi, kama nimevaa vizuri. Kwa nini naamini hajaniuliza mtu. Nikaanza kumjibu lile jibu tulilofundishwa utotoni, refu lile, zuri. Akalisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Hilo ni la wote. La kwako ni lipi?" Nilitaka kumwambia maswali mengine hayaulizwi. Nikakumbuka barua yako, nikaacha.

Nikamwambia ambalo hata wewe sijawahi kukwambia. Siku ya pili baada ya kumzika baba yako, niliamka nikakaa kwenye cherehani hii hii. Shule zilikuwa zinafunguliwa na sare za watoto wa watu zilikuwa hazijashonwa. Wewe ulikuwa umelala sakafuni juu ya vitambaa. Nilikuwa nashona na machozi yananidondokea kwenye kola, na katikati ya kola moja nikajua kwamba chumbani hatuko wawili tu. Hakukuwa na sauti, hakukuwa na mwanga. Ni kama pale mtu wako anapoingia na kukaa nyuma yako wakati una kazi, huna haja ya kugeuka. Sikugeuka. Mpaka leo sijageuka. Nikamaliza sare zote.

Akatoka chini ya meza akatazama nyuma yangu, kwenye kabati la nguo za wateja. Alikaa anatazama. Akasema, "Mimi sioni." Nikamwambia, "Mke mwenzangu, mimi nilijua. Lakini wewe hukuwepo chumbani siku hiyo. Mimi naamini, nawe endelea kutazama."

Umesikia nilivyosema? Naamini. Nilidhani neno hilo litanichoma ulimi, litafanya jambo langu kubwa lionekane dogo. Kumbe nilipolisema lilikuwa langu zaidi kuliko miaka yote niliyosema "ndivyo ilivyo". Nilifurahi mwanangu. Nilifurahi mpaka nikashona pazia la mteja ndani nje, ikabidi nifumue. Usitangaze kwamba umeshinda, mtoto bado anasali na mimi kila jioni na anapenda, ila sasa akimaliza anauliza maswali, na mengine nayajibu na mengine namwambia sijui. Neno hilo nalo sikujua kama linasemeka kirahisi hivyo.

Kisha akaniuliza kwa nini wewe huamini. Nikamwambia sijui, sijawahi kukuuliza, nilikuwa nakugombeza tu. Amesema ataandika mwenyewe. Hayo hapa chini ni yake, sikumsaidia ila herufi moja moja.

Mama yako

*Baba shikamoo. Mimi mzima bibi mzima. Bibi ameniambia kwa nini anaamini. Wewe nikikuuliza unasema wengine wanaamini wengine hawaamini. Mimi hao siwajui. Nakuuliza wewe. Wako Wakili.*


Tarehe 29 Desemba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, na Jumamosi nakuja kumchukua. Nitakaa siku chache kama utanivumilia. Ile habari ya kola nimeisoma kazini, nimesimama mlangoni mwa chumba cha mashine za lifti, nikaketi hapo hapo kizingitini. Nilikuwa nimelala sakafuni na sikujua kitu. Nikija naomba unisimulie tena, kwa mdomo, sitakukatiza.

Yaliyobaki ni ya Wakili. Mpe asome mwenyewe, akikwama msaidie.

Mwanangu Wakili,

Marahaba. Barua yako imenikuta kwenye chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo, na nimekuwa nikitembea nayo mfukoni siku zote hizi kwa sababu sikuwa na jibu. Nimeandika mara kadhaa nikachana. Kila nilipoanza, kalamu ilikuwa inaandika "wengine".

Umeuliza mimi. Mimi sijui. Kazini nikisema sijui napanda juu nikaangalie, na narudi na jibu. Hili sijapata pa kupanda nikaliangalie, ndiyo maana nikawa nakupa majibu ya watu usiowajua. Nilidhani baba hatakiwi kusema hajui.

Ila liko jambo moja, na la kwangu ni hilo tu. Siku uliyozaliwa, muuguzi alikuleta umefungwa kwenye shuka, akakuweka mikononi mwangu. Jicho moja umelifumba, la pili unanitazama nalo kama mkaguzi aliyekuja kuangalia kazi ya fundi. Nilijawa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Nikasema asante. Nilisema kwa sauti kubwa, korido nzima ikasikia. Yule muuguzi akacheka, akaniambia, "Usijali, ndiyo kazi yetu." Nikamshukuru na yeye, maana alistahili.

Lakini ile asante ya kwanza haikuwa yake, Wakili, na mpaka leo sijui nilikuwa namwambia nani.

Baba yako