Karte ya kuchagua haiko ya kuhamia

Jémima,

Bukari iko mu sufuria, sombe niliifunika na sahani. Ndugu yako Merdi akule kwanza.

Leo asubui ulinirushia karte ya électeur mbele ya Mama Josée, jirani yetu: "Mama, mi niko mukubwa, niko na haki ya kuhama!" Mukubwa wapi? Uko na myaka kumi na sita! Ulibongopea bale ba kuandika karte eti uko na kumi na nane, na sasa mwenye nyumba kule Dilala anakupangisha chumba. Ile ni karte ya kuchagua, haiko ya kuacha bazazi. Chini ya kumi na nane, ni juge wa tribinali njo anaweza kukutoa ku mikono yetu. Ninaenda kumwambia ule mwenye nyumba sasa hivi.

Tena uhesabu muzuri. Kama karte inasema kweli, basi nilikuzala papa yako hajaleta dot, mali ya kunioa! Mama Josée alihesabu, akacheka. Mi, mwenye nilitoka kwetu na nyimbo za ndoa, batu wote banaona!

~~Manguo yako iko inje, beba uende.~~ Manguo nilirudisha mu chumba.

Ujaze bidon ya maji. Na ile karte uiache hapa pa meza.

Mama yako, mwenye alikuzala dot ikiisha kulipwa.