Mama Yako Amekula Meza ya Bwana

Katuba, Lubumbashi
Tarehe 9 mwezi wa sita, 2025

Mpendwa mpwa wangu Désiré,

Pokea salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya Katuba. Unaendeleaje huko Liège? Kile kikohozi kimekuacha? Na mkeo Séphora na watoto, wazima? Sisi tunamshukuru Mungu. Goti langu linanisumbua, lakini mdomo ni mzima kama unavyoujua.

Ningekupigia simu, ila habari hii sitaki ikatwekatwe na mtandao. Keti kwanza. Jana, siku ya Pentekoste, mama yako alikula Meza ya Bwana.

Ndiyo, dada yangu mkubwa, yaya Clotilde yuleyule! Tangu udongo wa shimo la madini la Kambove umfunike kaka yako Israël, hakuugusa tena ule mkate. Unajua alivyojihukumu: alimfukuza dada yetu Lombe akiwa mgonjwa, Lombe akafia kwa watu, basi Mungu wa haki akamchukua Israël kuwa malipo. Ndiyo maana wewe akakukataza kurudi, asije Mungu akaona malipo hayajatosha. Mimi shemasi nimemhubiria upendo wa Mungu hadi koo likakauka. Jibu lake moja tu: "Upendo iko, lakini haki nayo iko." Nami narudi nyumbani nimeshindwa.

Sasa sikiliza. Ijumaa asubuhi Gaëlle, binti wa marehemu Israël, alikuwa akicheza uani, akaliangusha pipa la munkoyo la jirani yetu, Mama Chama. Kinywaji cha harusi ya kesho yake! Maji yakimwagika hayazoleki, na munkoyo ndiyo kabisa. Mama Chama akaja juu, akataka mtoto apigwe mbele ya watu. Mimi kwa kupenda amani nikamwambia asamehe tu, yaishe. Akaniangalia kana kwamba hiyo munkoyo nimeinywa yote mimi. Na hakukosea, maana "yaishe" yangu isingejaza pipa.

Mama yako akasimama. "Mutoto hapana kumugusa. Munkoyo utapata. Mi njo nitatwanga."

Akaitwanga mizizi ya munkoyo kwa mikono ile yenye baridi yabisi, akapika uji wa mahindi sufuria baada ya sufuria, machozi yakimtoka kwa moshi na maumivu. Gaëlle alilia kando yake akiomba kusaidia, mwishowe akaachiwa kuchochea moto. Kesho yake pipa lilijaa, na harusi ikanywa.

Nikaenda kumtania. Nikamwuliza, wewe mama wa haki, mjukuu umemwachia bure?

Akanionyesha viganja vilivyochubuka. "Nani anasema iko bure? Ona mikono." Kisha akavitazama mwenyewe. "Anaclet, mi sikukamata mutoto wa muntu nimupige pahali pa Gaëlle. Nilijikamata mi mwenyewe. Sasa Mungu, iko mubaya kunipita?"

Désiré, mahubiri yote yalinitoka kichwani. Nikasema hapana, yaya. Pale msalabani Mungu hakumkamata mtu wa nje ili apoze hasira. Katika Mwanawe alikuja mwenyewe, na haki ikatimizwa mikononi mwake. Kosa lako juu ya Lombe lilibebwa pale. Israël hakuchukuliwa kulipa kitu. Aliuawa na shimo lililochimbwa vibaya.

Akalia. Miaka yote alikuwa akiogopa tu. Jumamosi ile alimlilia mwanawe.

Jana kanisani mimi ndiye niliyepitisha sahani ya mkate. Nilipomfikia nilitazama pembeni, nisimlazimishe kwa macho. Mkono ukaja, ukachukua. Nilikaribia kuiangusha sahani, na mchungaji akanikunjia uso. Akunje! Nimefurahi, mpwa wangu, nimepumua, na leo nimelala hadi jua likaniamsha.

Mjomba wako Ephraïm wa Lukafu anakusalimu, mihogo imezaa. Gaëlle anawasalimu watoto wako, na Mama Chama pia anasalimu, ameshapoa. Mama yako peke yake amekataa nikuandikie salamu zake. Anasema utakuja kuzichukua mwenyewe.

Mungu akutangulie njiani.

Ni mimi mjomba wako, nisiyechoka kukupenda,
Anaclet