Wembe wa Kunyolea Uso Wetu

Mpendwa pacha wangu Odongo,

Leo asubuhi nimenyoa ndevu mbele ya kioo cha dirishani, na kama kawaida, wewe ndiye uliyeanza kunitazama. Nimekuzoea. Nimeona nikuandikie, kwa sababu kuna mambo yaliyotokea baada yako ambayo hakuna aliyekuambia.

Unakumbuka baba akinyoa pale nje ya nyumba yetu, kwenye kambi ya polisi Nsambya? Sisi wawili tulikaa chini tukimwangalia, naye akituambia bila kugeuka, “Msipumue.” Tukabana pumzi kweli, wewe mpaka macho yakakutoka. Wageni walitupachika majina ovyo, Opio akaitwa Odongo, Odongo akaitwa Opio, na wewe ulifurahia kuitikia langu. Mama peke yake hakukosea hata mara moja.

Baba alifariki, ukaingia jeshini. Serikali ilipoanguka ile themanini na sita, kikosi chenu kikakimbilia kaskazini, na wewe ndani yake. Jioni ile ulipita nyumbani, ukala haraka ukiwa umesimama. Mama akakuuliza, “Utarudi lini?” Ukasema, “Mama, nitarudi tu.” Basi. Hatukupata habari nyingine.

Nikaacha ndevu ziote. Watu walidhani ni umaskini, au dini. Ukweli ni kwamba kila nilipojitazama kwenye kioo nilikuona wewe, na sikujua kama ninayemwona ni mzima au maiti. Ndevu zilikufunika. Nikapata usingizi kidogo.

Halafu nikapata kazi ya ulinzi kwenye kiwanda kimoja huko Nakawa. Msimamizi akaniangalia mara moja tu. “Kesho kuja bila hiyo msitu.” Unajua ngozi yetu ilivyo, nyembe za kawaida zinatuachia vipele shingo nzima. Kinyozi wa jirani akaniambia ninunue wembe wa kukunja, kama ule wa baba.

Sokoni Nakawa kulikuwa na Mkenya mmoja, Mzee Mutiso, aliyeuza vifaa vya vinyozi. Mimi nikarukia mmoja wenye mpini wa pembe, unang’aa vizuri.

“Ni wembe wako wa kwanza?” akaniuliza.

“Ndiyo, Mzee.”

“Basi huo rudisha. Unapenda mpini, na mpini haunyoi.” Akanitolea mwingine, mweusi, wa kawaida kabisa. “Angalia ncha yake, ni ya mviringo. Ile yenye kona inataka mkono uliozoea, itakutoboa sikio. Upana huu wa kati ndio mzuri kwa mtu anayeanza. Sasa fungua, funga. Unacheza?”

“Hauchezi.”

“Ungecheza hapo kwenye msumari ningekuambia uache. Tazama makali kwenye mwanga. Ukiona doa la kutu, usinunue hata nikikubembeleza.” Akaniongezea mkanda wa ngozi wa kulainishia makali, akanionyesha kuvuta wembe juu yake mgongo ukitangulia, si makali. Kisha akanitazama usoni. “Unauogopa huo wembe, kijana. Unamnyoa nani?”

Nikamwambia ninajinyoa mwenyewe. Nilihisi nimemdanganya.

Nyumbani nikapaka sabuni, nikavuta ngozi, nikaanza chini ya sikio. Shavu la kwanza likatokea, likawa lako. Nikasimama nusu nimenyoa, upande mmoja mimi, upande mwingine wewe, na kwa kweli, Odongo, nilitaka kuishia hapo. Nikakumbuka kazi. Nikamaliza.

Mama alikuwa anachagua mchele barazani. Akainua kichwa, sinia likamtoka mikononi. Mwanamke yule ambaye hakuwahi kutukosea akasimama, akarudi nyuma mpaka ukutani, akaniuliza kwa sauti ndogo, “Wewe ni yupi?”

“Ni mimi, Mama. Opio.”

Akainama. Tukaokota mchele pamoja.

Baada ya hapo nilitembea mjini na uso wako. Siku moja nilipitia Kansanga kununua sabuni, jamaa mmoja akatoka baani, akaniona, chupa ikamwanguka. “Odongo!” Akanishika mabega, akayaminya kama anayepima nyama. “Wewe uko hai? Wewe? Mimi nilizika wewe! Na hii mikono mimi nilizika wewe!”

Hivyo ndivyo nilivyopata habari zako, nikiwa nimesimama barabarani.

Alikuwa Sebit, wa kikosi chenu. Nilipomweleza kuwa mimi ni pacha, akakaa chini pale pale akalia. Nikamchukua nikampeleka kwa Mama. Akatueleza ulivyopigwa risasi mkivuka kijito, jinsi alivyokuvuta hadi kwenye nyasi, na kwamba hukukawia kukata roho. Mama alisikiliza hadi mwisho bila chozi. Kisha akamuuliza swali moja.

“Alikuwa na njaa?”

Sebit akashangaa. “Hapana, Mama. Asubuhi ile tulipata muhogo. Yeye alikula sana, alikula mpaka yangu.”

Hapo ndipo Mama alipocheka. Alicheka akijishika tumbo, “Huyo ndiye, huyo ni wangu kabisa,” na kicheko kile kikageuka katikati, kikawa kilio. Majirani wakaja.

Asubuhi yake akaketi kwenye kigoda, akafungua kitambaa kichwani. Miaka yote alikuwa amekataa kunyoa nywele za msiba, kwa sababu mtu hanyolewi kwa ajili ya mwana atakayerudi. “Ninyoe,” akaniambia. Nikamnyoa kwa wembe ule mweusi, taratibu, kuzunguka masikio yake. Nywele zilianguka zikiwa nyeupe. Sikuwa nimejua kwamba amezeeka hivyo.

Mama naye alishatutoka. Aliondoka akijua uliko, na mimi nashukuru kwa hilo. Lakini nikuambie kinachonisumbua sasa. Mvi zimeniingia kidevuni. Mashavu yameshuka. Kila mwezi unapungua kidogo kwenye kioo, na hakuna tena mtu anayenisimamisha barabarani kwa jina lako. Zamani nilikuogopa. Siku hizi nanyoa polepole sana, nikitafuta mahali ulipobaki.

Pumzika huko kando ya kijito, na kama ni kunitazama, endelea kunitazama.

Ni mimi niliyekutangulia kuzaliwa,
Pacha wako, Opio