Kovu Ambalo Sina

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe maana barua hii nimeichana mara tatu, kila nikiisoma naona nimejitetea mno. Nilikimbia kwetu nikiwa na mimba changa, mume wangu bado yuko kambi ya wakimbizi, nami naishi ugenini kwa wifi yangu bila kibali chochote, nakunja mashuka kwa dobi, na kliniki naenda kwa kadi ya wifi, kwa jina lake, kwa sababu tumefanana uso na tulidhani hakuna atakayechungulia zaidi ya hapo. Tukasahau tumbo. Juzi mkunga alisoma faili, akanipapasa, akauliza, "Mama, umezaa mara mbili kwa upasuaji, mbona sioni kovu?" Nikasema limefifia. Akacheka, "Hebu nipe hiyo dawa na mimi!" Kisha akaandika kitu kwenye faili. Wifi ananiambia, "Usibabaike bwana, mtoto wa kaka yangu akiandikwa wangu kuna ubaya gani? Shangazi si baba?" Ni mwema, ninachokula ni chake, lakini mimi niliyesoma hadi chuo kikuu nasimama mbele ya rundo la mashuka nikijiuliza, nikishajifungua nitakuwa nani wa mwanangu? Nikisema kweli naogopa nitarudishwa, na wifi ataponzwa na wema wake. Zimebaki wiki tano. Nifanye nini?

Mkunja Mashuka

Mwanangu, pole. Kukimbia hatari si kosa, na mjamzito asiye na kibali bado ni binadamu mwenye haki ya kutibiwa. Lakini kwenye kadi mmechezea moto. Daktari akiamini faili hilo, atakupasua bila sababu, au atakuongezea damu ya kundi la mwenzio. Msomi mzima! Na hilo la shangazi ni baba ni tamu sebuleni. Karani wa vyeti halijui. Mume wako akiomba kuungana nanyi, utathibitishaje kuwa mtoto ni wenu?

Mficha uchi hazai. Wiki hii, kabla ya kliniki, nenda na wifi yako kwa wanasheria wanaosaidia wakimbizi bure. Waulize kama hospitali inaweza kupeleka jina lako uhamiaji, na wifi atalindwaje. Omba hifadhi rasmi, usingoje. Kisha rudini pamoja na mwanasheria kwa mkunga yule yule. Alishtuka, lakini hakuita askari. Mtajie jina lako, herufi kwa herufi, akufungulie faili jipya kabla uchungu haujaanza.