Kifuu cha Ndani ya Tangi

Kibiti, Jumanne, mwezi wa Shaaban

Nilisema, "Ahsante, mama." Basi. Ningemwambia nini kingine mkwe?

Amekuja jana kutoka Ruaruke kumsaidia mke wangu usafi wa kuukaribisha mfungo. Leo nilipokuwa sokoni ameona kifuu cha nazi ndani ya tangi langu la kioo. Narudi, ananipokea kwa furaha: "Mwanangu, kata yenu ya maji imekatika mpini ikatumbukia kwa samaki. Nimeitoa, nimeisugua kwa majivu."

Haikuwa kata. Nilikifudikiza mle mwenyewe, maana samaki hawa, jamaa za perege wasiozidi kidole, hutaga penye giza. Miezi minne nimesubiri. Juzi jike alibandika mayai mekundu ndani ya kile kifuu, na tangu hapo hata dume wake hamruhusu kusogea.

Tangu tupunguzwe kazi pale ushirika, watu wananicheka: biashara zote zimeruhusiwa, huyu kachagua samaki wasiolika. Mnunuzi wa Dar kasema asipokuta vifaranga baada ya Idi, hatarudi tena Kibiti. Sina jozi nyingine. Na jike huyu akikataa kutaga tena, basi mimi...

Mke wangu anajua. Alinitazama, akainamisha kichwa.

Baada ya Magharibi mama mkwe aliteka maji mtungini kwa kifuu kilekile, akanipa. Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa yote.

Jike bado yuko pale kilipokuwa kifuu. Dume akisogea tu, anamfukuza.