Dada wa Mlangoni

4 Februari

Kwa kaka,

Shikamoo. Huku sote wazima, hofu ni kwako tu na vumbi la karatasi la hapo kiwandani. Baba anakula vizuri. Upande wa kulia bado umelala, na maneno yake bado ni machache: "maji", "geuza", "soma".

Hilo la mwisho umelileta wewe. Vile vitabu sita vya msafiri wa wakati vimefika. Sasa tuanze na kipi? Cha kwanza kuandikwa, au cha nne, ambamo babu yake msafiri ndiyo kwanza anazaliwa? Baba anataka mpangilio, unamjua. Mwalimu ni mwalimu hata akiwa kitandani.

Na lile jingine, kaka. Chuo cha upimaji ardhi kimenishikia nafasi mara mbili. Safari hii mwisho ni tarehe 20 Juni, hakuna kuahirisha tena. Ulisema nimuuguze mwaka mmoja, huu ni wa tatu. Unakuja lini tupokezane?

Mdogo wako

19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, kifua tu kinabana kidogo. Mpe Baba salamu nyingi.

Someni kwa jinsi vilivyotoka, cha kwanza hadi cha sita. Mkianza na cha nne mtaijua siri kabla hamjajua kuwa ni siri, na uhondo umekwisha. Mimi ndiye ninayevishona, nisikilize.

Likizo nimeomba. Msimamizi anasema kwanza msimu wa vitabu vya shule upite. Vuta subira, mvumilivu hula mbivu.

Kaka yako

28 Machi

Kwa kaka,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Sisi hatujambo.

Tumemaliza cha tatu, na kimetusumbua wiki mbili. Baada ya ukurasa wa 96 unakuja wa 113: msafiri amerudi nyumbani, anakula, anafua nguo. Tukifika 128, unafuata wa 97, ndiyo kwanza anaaga kuondoka! Nikamwambia Baba, huyu mwandishi ni fundi, hadi namba za kurasa anazisafirisha. Baba akataka nisome tena mara tatu.

Swali letu lingine. Msafiri akiingia kwenye mlango wa wakati, dada yake hubaki nje ameushikilia. Akiuachia, kaka hatoki tena. Vitabu vitatu sasa. Huyo dada anakula saa ngapi? Akitaka kuoga, nani anamshikia? Usinijibu kwa methali. Na tarehe ya kuja hujanipa.

Mdogo wako

17 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka wenzangu wakaniuliza nina nini. Mwandishi hana ufundi huo! Ni sisi tulioshona mikunjo ya kurasa ikapishana, ndiyo maana kitabu kilitupwa kwenye mabovu nami nikakiokota. Anza na 97, kisha 113.

Huyo dada sijui. Wasomaji wengi wameuliza, mwandishi kanyamaza. Labda cha saba kitajibu.

Nakuja Mei, Mungu akipenda.

Kaka yako

20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Baba hajambo. Mimi sijui.

Mei ndiyo hii inakwisha. Nimekuandikia mara mbili, kimya. Tumemaliza cha sita na yule dada bado yuko pale pale. Nimenaswa, kaka. Nikienda dukani natembea mbiombio, nikidhani Baba ameanguka. Juzi alimwaga uji nikamfokea, Baba yetu, naye akageuzia uso ukutani. Naogopa ninakuwa mtu gani. Sitaki kitabu kingine, nakutaka wewe.

Mdogo wako

3 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole sana.

Cha saba tumekitia majalada wiki hii. Nimekisoma chote kwa ajili yako. Msafiri anaoa huko huko na kutulia. Dada yake hatajwi hata mara moja. Nimeona aibu, nimeona bora nikwambie.

Likizo nilipewa tangu Aprili. Sikuja. Nilipoondoka Baba alikuwa anasimama mwenyewe. Sijui kumgeuza, sijui kumwosha baba yangu mzazi, na naogopa macho yake. Omba chuo wakuongezee mwaka mmoja tu. Nisamehe.

Kaka yako

18 Juni

Mwanangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia mwandiko. Siku tatu naandika barua hii; utaletewa na dereva wa basi, posta itachelewa. Sijambo. Kifua chako kikoje?

Barua yako nilisomewa yote, na pale pa kuniosha pia. Nikamwambia mdogo wako: nenda. Akakataa. Nikafunga mdomo, sikula uji wala dawa, mpaka alipofunga sanduku. Ameondoka asubuhi hii. Amelia sana, lakini ameondoka.

Yule mama jirani, muuguzi mstaafu, atanigeuza hadi Jumapili. Zaidi hawezi, mgongo wake mbovu.

Kuosha mtu si kazi ngumu. Nilikuosha wewe, na hukuwa ukitulia. Nitakuelekeza.

Jumatatu hakuna mtu hapa.

Baba yako