Miguu Niliyozaliwa Nayo

Jumanne, 10 Juni 2025
Leo daktari kanifunga mashine ya presha pajani! Nikadhani kakosea, binti wa watu. Kumbe anajua. Mkononi presha iko juu sana, mguuni iko chini. Akauliza: baba, ukipanda mlima miguu inauma? Tangu utoto, nikamwambia — wenzangu waliniita mzembe. Akanichorea kwenye karatasi: mshipa mkubwa unaotoka moyoni umebana mahali pamoja. Nimezaliwa hivyo. Miaka arobaini na sita natembea na kitu sikijui! Nitaenda Mwanza wakaupanue.

Tecla njiani: "Mume wangu, nimekuonea bure. Nilijua ni uvivu wa ukoo wenu." Tukacheka. Halafu mimi sikucheka tena.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepalilia maharage mistari miwili, nikakaa. Namwaza kaka yangu Leonidas.

Mwaka 2016, masika, gari halipiti, baba anahema vibaya. Tulimbeba kwenye ngobyi, machela yetu ya miti, kumpeleka zahanati. Mimi mbele, kaka nyuma. Huku Kirushya mtoto wa kiume haachii ngobyi ya baba yake kabla ya kufika tambarare. Mimi niliachia katikati ya mlima. Miguu iliwaka moto, ikafa ganzi. Mpaka apatikane jirani wa kushika — baba akakata roho palepale njiani. Matangani kaka akasema mbele ya watu: ungebeba, tungefika. Akahamia Nyabusozi, Biharamulo. Miaka tisa hatujaongea.

Bwana, nisamehe. Ugonjwa huu nimeufurahia.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya misa nimepiga simu. Kapokea mkewe, Jovina. "Shemeji! Uko hai? Sisi tulishakula matanga yako!" Nikamweleza yote — mshipa, Mwanza, basi la tarehe 24. Nyuma yake nikasikia: nani huyo? Sauti ya baba kabisa! Nikakaa chini. Jovina akamweleza. Kaka akasema: mwambie namwombea. Basi. Kwenye simu hakuja.

Rozari nimeikosea mara mbili.

Jumatatu, 23 Juni
Nguo zimefungwa. Kaka hajapiga.

Jumanne, 24 Juni
Naandika ndani ya basi. Nyakanazi kapanda Leonidas! Mvi tupu. Na begi la safari. Tecla akampisha kiti, akaenda nyuma.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Ikawa hiyo tu, mwendo mrefu. Nilitamani hata anitukane. Kisha, akitazama dirishani: "Siku ile, kwa nini hukusema miguu inauma?"

"Nilisema, kaka. Mara tatu."

Basi likasimama watu wanunue mahindi. Naye kashuka, hata kuniangalia hakuniangalia. Sasa dereva anapiga honi. Wote wamerudi, yeye bado. Namwambia kondakta subiri, kaka yangu hajapanda. Begi lake liko kitini, nimelishika, safari hii siachii.